Shangazi, Bwana Harusi Anataka Harusi ya Kijani

Wiki hii Shangazi anajibu wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini wenye shida za sherehe na mazingira. Barua za matusi zinapokelewa pia, ila ziandikwe pande zote mbili za karatasi.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi hapa Soweto, Mbeya. Bwana harusi kasema anataka "harusi ya kijani". Tumeshapitisha vitambaa vya kijani, zulia la kijani, maputo mia tano ya kijani na keki ya kijani. Bajeti imepanda, michango haijapanda, na bwana harusi bado amenuna. Tumekosea wapi?*
*Katibu Aliyechanganyikiwa*

Marahaba, mwanangu. Mmekosea pale mlipofungua pochi. Harusi anayoitaka huyo kijana inapatikana kwa kufuta mistari kwenye bajeti. Anza na maputo: nusu yatapasuka maharusi hawajaingia ukumbini, na mabaki yataishia mtaroni. Kisha njoo kwenye maji. Wageni mia nne, kila mmoja chupa tatu (moja anakunywa, moja anaiacha nusu, moja inaingia kwenye mkoba), hizo ni chupa 1,200 kwa usiku mmoja. Chukueni yale madumu makubwa ya kurudisha, kama ya maofisini, na kila meza iwe na jagi na glasi. Soda agizeni za chupa ya kioo. Kwa kuwa wakala anashikilia hela ya kreti, mtashangaa kuona wajumbe wanavyoinama kuokota chupa chini ya meza usiku wa manane bila kuhimizwa na mtu. Chakula kitoke Mwanjelwa: mchele wa Kyela, viazi vya Uyole, ndizi za Tukuyu. Kitakachobaki kwenye bajeti, mpeni bwana harusi. Ataacha kununa.

*Shangazi, salaam. Bosi anataka kampuni iadhimishe Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni. Mpango wetu ni fulana mia tatu, bango la mita kumi, msafara wa magari kumi na mawili hadi Ziwa Ngosi, na miche elfu moja. Nifanye nini ili picha zitoke vizuri?*
*Afisa Utumishi, Mbeya mjini*

Picha zitatoka vizuri sana, baba. Miche ndiyo itakayokufa. Juni huku kwetu mvua zimeshakata, na usiku Uyole kunaweza kuanguka sakitu inayobabua hata majani ya viazi. Mche wa tarehe 5 Juni unaishi mpaka picha ipandishwe mtandaoni, baada ya hapo ni kijiti. Pandeni Desemba au Januari, mvua zikiwa zimekolea, na hela ya fulana alipwe mtu wa kupalilia na kumwagilia mpaka miche ishike.

Ngosi nako kuacheni. Lile ni ziwa la kreta katikati ya msitu wa asili wa milima ya Uporoto, na miti imo ya kutosha. Tafuteni kijiji chenye chanzo cha maji kilicho wazi, waulizeni wenyeji wanataka miti gani, na msiwapelekee mikaratusi, maana inanyonya maji mengi. Mikuyu na miti mingine ya asili itawafaa zaidi. Nendeni kwa Kosta moja au mbili. Bango lisiandikwe mwaka, mlitumie tena mwakani.

Na hiyo tarehe 5 Juni? Mpeleke bosi akahesabu miche mliyopanda mwaka jana. Mpige picha hapo.

*Kamwene Shangazi. Namfanyia binti yangu sendofu Kihesa, Iringa. Nimetaka ulanzi unywewe kwa mbeta, kama kwa mama zetu. Dada zangu wa Dar wanasema ni ushamba, wanataka vikombe vya plastiki na sahani za foili. Halafu ndugu zetu wanapenda kubeba chakula.*
*Mama Mwenye Binti*

Kamwene, mdogo wangu. Waambie hao dada kwamba kikombe cha mwanzi Ulaya kinauzwa ghali, tena kama kitu cha kisasa. Wewe mbeta unazipata shambani. Angalia msimu tu: ulanzi hugemwa kipindi cha mvua, kwa hiyo ukipanga sendofu Septemba utauziwa kitu kingine kwa jina hilo. Zawadi za wageni usizifunge kwenye nailoni. Toa vikapu vya Iringa vilivyosukwa kwa milulu, vitakwenda sokoni miaka na miaka.

Kuhusu wabebaji: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na anayekutwa nayo faini inaanzia shilingi 30,000. Hakuna pilau la bei hiyo. Andika kwenye kadi: "Njoo na hotipoti yako." Watu watabeba kwa heshima, na hakuna kitakachotupwa.

*Shangazi, mimi mpishi wa sherehe, Mafinga. Mteja anataka nipike kwa gesi. Pilau la gesi litanukia kweli?*
*Mama Sufuria*

Pilau linanukia kwa viungo na kitunguu kilichokaangwa vizuri, mama. Moshi unaishia kifuani mwako. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya mia moja kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Sherehe haikutajwa, lakini ukipikia watu mia nne, tofauti yako na shule ya bweni ni keki tu. Gesi ikikushinda bei, uko jirani na shamba la miti la Sao Hill, na pumba za mbao haziishi hapo Mafinga. Tafuta jiko la pumba. Kwa ndafu peke yake nakuruhusu mkaa, kwa sharti kwamba mguu mmoja uje kwa Shangazi. Nina hotipoti yangu.