Safu ya Wasumbukao: Gari la Mwaka Gani?

Barua zilizoifikia safu hii katika msimu huu zinahusu kwa wingi SUV ndogo zilizokwishatumika, yaani magari ambayo mara nyingi hujengwa juu ya msingi wa gari dogo la mjini, kisha yakainuliwa kimo ili mwenye gari aonekane kuwa na shamba hata kama hana. Honda Vezel, kwa mfano, imejengwa juu ya msingi wa Fit, na Mazda CX-3 juu ya msingi wa Demio, jambo ambalo wamiliki wengi hawapendi kukumbushwa mbele ya wageni. Karibu kila barua inauliza mwaka: ununuliwe wa nyuma ulio nafuu au wa karibuni ulio ghali? Majibu yanayofuata yanaegemea hoja moja, kwamba mwaka wa gari ni hesabu inayomhusu zaidi mtoza ushuru, ilhali mnunuzi hulipia pia toleo la mtambo na matunzo ya mmiliki aliyetangulia, mambo mawili ambayo mwaka peke yake hauyaelezi.

Mtumishi wa Umma, Dodoma

Msomaji huyu ameziona mtandaoni Vezel mbili za haibridi, yaani magari ambayo injini zake za petroli husaidiwa na mota ya umeme, moja ya mwaka 2014 na nyingine ya 2019. Kwa kuwa ile ya 2014 inauzwa kwa bei ya chini sana huko Japani, amekwisha kuitangazia familia kwamba fedha zitakazobaki zitaezeka nyumba, na sasa anaiomba safu baraka zake.

*Jibu.* Baraka zinasubiri hesabu. Tanzania hailizuii gari kuukuu kuingia, ila hulitoza kwa ukuukuu wake. Thamani ya gari ikijumlishwa na bima na nauli ya meli hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini ya cc 1,500 kama ya Vezel ni asilimia 5. Gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na lililopita miaka 10 asilimia 30. Kisha vyote kwa pamoja hukatwa VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo kila shilingi 100 ya thamani ya gari la 2014 hutoka bandarini ikiwa imefika takribani shilingi 199, ilhali shilingi 100 ya gari ambalo halijatimiza miaka 8 hutoka ikiwa takribani 155, kabla ya tozo ndogo ndogo. Maana yake ni kwamba gari jipya zaidi linaweza kulizidi lile kuukuu kwa asilimia 28 hivi kabla ya kodi, na bado yote mawili yakatoka bandarini Dar es Salaam kwa gharama ile ile. Aidha, thamani inayotozwa si lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye ankara ya muuzaji, kwa sababu mamlaka ya mapato, TRA, ina kikokotoo chake cha magari yaliyotumika, na kikokotoo hakisikilizi simulizi za punguzo.

Upande wa mtambo nao una neno. Vezel ilianza kuuzwa Japani Desemba 2013, na haibridi za kizazi hicho cha kwanza zina giaboksi ya gia 7 yenye klachi mbili, moja ikishughulikia gia za namba witiri na nyingine za namba shufwa ili kubadilisha gia kuwe kwepesi. Katika mwaka 2014 magari hayo yaliitwa na kiwanda zaidi ya mara moja ili programu inayoiongoza giaboksi irekebishwe. Ndiyo kawaida ya toleo jipya: wanaonunua mwanzo hulipia majaribio, na wanaonunua miaka ya mwisho ya kizazi kile kile huvuna marekebisho. Msomaji akishikilia ile ya 2014, adai uthibitisho kwamba marekebisho hayo yalifanyika; bati zisubiri bajeti nyingine.

Shemeji Mtu, Kinondoni

Mwandishi wa barua hii anaeleza kwamba shemeji yake amenunua Nissan Juke «namba E», na tangu siku hiyo kila kikao cha familia, hata cha msiba, huishia kwenye upya wa gari hilo. Anauliza kama ipo njia ya kistaarabu ya kuthibitisha au kukanusha madai hayo.

*Jibu.* Herufi inayoanza kundi la pili la kibao cha namba cha Tanzania hufuata mfululizo wa usajili, hivyo hueleza gari lilisajiliwa lini nchini, kama vile muhuri wa uhamiaji unavyoeleza siku ya kuingia bila kutaja umri wa msafiri. Gari moja huweza kuwa na miaka mitatu tofauti: mwaka wa kutengenezwa, mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza Japani na mwaka wa kusajiliwa hapa, na muuzaji mwenye akili timamu huutaja ule unaompendeza. Katika shauri hili kuna ushahidi wa ziada, kwa kuwa Juke ilianza kuuzwa Japani mwaka 2010 na kizazi chake cha pili hakikuuzwa huko kabisa, kwa hiyo Juke yoyote iliyotoka Japani, hata ikiwa na kibao kinachong'aa, ni ya kizazi cha kwanza.

Anayetaka kuukaribia mwaka wa kutengenezwa auvute mkanda wa kiti hadi mwisho na kutazama lebo iliyoshonwa sehemu ya chini karibu na sakafu, kwani mara nyingi huwa na mwaka na mwezi wa kutengenezwa mkanda wenyewe, ambao hutangulia kidogo kuliko gari. Nyaraka za Kijapani huweza kuhesabu miaka kwa enzi za wafalme: mwaka wa Heisei hujumlishwa na 1988, hivyo Heisei 24 ni 2012, na mwaka wa Reiwa hujumlishwa na 2018. Inashauriwa kwamba uchunguzi huu ufanywe shemeji akiwa amekwenda kunawa mikono, na matokeo yake yatunzwe hadi atakapoanza yeye.

Mkulima wa Parachichi, Njombe

Mama huyu anataka Toyota Rush ya 2009 inayouzwa na jirani, wakati mume wake amependa Mazda CX-3 ya diseli ya 2015, akisema kwamba haiwezekani mtu wa leo kurudi nyuma miaka 6 kwa hiari yake. Ndoa, kwa mujibu wa barua, bado ipo.

*Jibu.* Miaka 6 ni mingi kwenye kalenda na michache kwenye barabara ya shambani. Rush, iliyoingia sokoni Japani mwaka 2006 pamoja na pacha wake Daihatsu Be-go, ina injini ya cc 1,500 iliyokaa kwa urefu wa gari, ikisukuma magurudumu ya nyuma au yote manne, na yale ya magurudumu manne yana swichi ya kufunga difu ya katikati, yaani kifaa kinachogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ili ekseli moja isitelezeshwe bure kwenye tope. Otomatiki yake ina gia 4 tu, inanguruma kwenye mwendo mkubwa na haijui kubana mafuta; hizo ni kasoro za kweli, lakini fundi wa kawaida anazifahamu.

CX-3 ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 2015 ilikuwa na diseli ya cc 1,500 peke yake; petroli ya cc 2,000 iliongezwa 2017, na mwaka 2018 diseli ikakuzwa kuwa ya cc 1,800. Diseli hizi zina kichujio cha masizi kwenye njia ya moshi, ambacho hujisafisha kwa kuyachoma masizi wakati gari limepata moto wa kutosha, na gari linalozungushwa kilomita chache kutoka nyumbani hadi sokoni kila siku haliupati moto huo. Mume akiitaka CX-3 kwa safari ndefu za lami, hoja yake ina miguu. Akiitaka kwa kubeba parachichi, kimo chake cha yapata milimita 160 kutoka ardhini kitamjibu kabla ya mkewe. Rush ichukuliwe, kwa sharti kwamba iinuliwe na kukaguliwa chini, hasa kutu, bushi na mivujo ya oili kwenye difu. Kwa kuwa imekwisha kusajiliwa nchini, kodi ya uchakavu haimhusu tena mnunuzi, na ndiyo maana magari ya zamani hufaa zaidi kununuliwa kwa jirani kuliko kuagizwa.

Mpenda Bei, Nakuru

Msomaji wa Kenya anauliza kwa nini asiagize SUV ndogo ya 2012 kutoka Japani, ikiwa binamu yake wa Arusha ameagiza na hakukamatwa.

*Jibu.* Binamu yuko chini ya sheria nyingine. Kenya, kwa kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000 kinachosimamiwa na shirika la viwango la nchi hiyo, KEBS, hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na Uganda tangu 2018 imeweka mpaka wa miaka 15 tangu kutengenezwa. Anayetaka gari la zamani zaidi Nakuru atalitafuta miongoni mwa yale yaliyokwisha kuingia, wala asimsumbue binamu.

Mteja wa Dalali, Mwanza

Anaeleza kwamba ameonyeshwa gari la 2010 lenye kilomita 41,000, ambalo dalali amelieleza kwa maneno «halidai, weka mafuta ondoka, lilikuwa la mama mmoja wa kwenda kanisani tu».

*Jibu.* «Halidai» humaanisha kwamba gari halihitaji matengenezo, na katika lugha ya udalali ukweli wa neno hilo hudumu mpaka fedha zipokelewe. Wingi wa kinamama waliotumia magari kwenda kanisani peke yake ni suala linalostahili kuachiwa wanatheolojia. Kilomita chache zithibitishwe kwa vitu visivyojua kusema uongo: mpira wa pedali ya breki ukiwa umelika hadi chuma kuonekana, ngozi ya usukani ikiwa imesuguka na kung'aa, na ukingo wa kiti cha dereva ukiwa umebonyea, gari hilo limeyasikia mahubiri mengi ya mbali. Pale inapowezekana, idaiwe karatasi ya mnada wa Japani, ambayo huligredi gari kwa namba kama 4 au 3.5, na R likiwa limewahi kukarabatiwa baada ya ajali, tena huonyesha kwenye mchoro herufi A penye mkwaruzo, U penye bonde na XX penye kipande kilichobadilishwa. Karatasi hiyo huandika pia kilomita za siku ya mnada, na endapo zinazidi zile za leo, gari hilo lina kipaji kisichohitajika barabarani.

Anayesubiri, Tanga

Barua ya mwisho imeandikwa na msomaji ambaye kila mwaka huona kwamba matoleo ya mwaka ujao yatashuka bei, hivyo huahirisha. Ametaja Vezel, CX-3 na Juke, na sasa anaitazama Toyota Raize iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2019, akisubiri nayo izeeke.

*Jibu.* Hoja yake ina nusu ya ukweli, kwani magari hushuka thamani kila mwaka, lakini hulisogelea pia tabaka la ushuru wa uchakavu, na yale yaliyotunzwa vizuri huondoka sokoni mapema kuliko yaliyotunzwa vibaya. Aanze na barabara anayopita kila siku, kisha fedha aliyonayo pamoja na akiba ya matengenezo ya mwaka wa kwanza, kisha toleo ambalo fundi wa mtaani kwake amewahi kulifungua, na mwisho kabisa mwaka. Akifuata utaratibu huo, magari matatu au manne yatabaki, na moja atalinunua mwezi huu. Akirudi tena mwakani na swali lile lile, safu itahitimisha kwamba anachokipenda ni mazungumzo ya magari, ambayo hayatozwi ushuru, hayana kilomita, na kwa bahati nzuri hayahitaji maegesho.