Namna ya Kungoja Nyota Ilipuke Ukiwa Rusumo

Kungoja hakuhitaji cheti, na hapa Rusumo, kwenye mpaka wa Tanzania na Rwanda, mabingwa wake ni wengi: madereva wa malori, mawakala wa forodha, mama ntilie. Kilichobaki ni kuuhamishia ubingwa huo angani. Fuata hatua hizi.

1. Chagua nyota yenye ahadi. T Coronae Borealis inafaa. Ni nyota mbili zinazozungukana: jitu jekundu linamwagia gesi yake nyota kibete nyeupe, gesi inarundikana, kisha inalipuka. Ililipuka 1866, ikarudia 1946. Wataalamu wakatabiri zamu nyingine 2024. Mwaka ukaisha, nyota kimya. Aliyezoea kuambiwa "mzigo wako unatoka kesho" hatashangaa.

2. Soma namba kinyumenyume. Mng'ao wa nyota hupangwa kama matokeo ya kidato cha nne: mwenye divisheni wani humpita mwenye foo. Ila angani mwenye ziro humpita mwenye wani, na Sirius, yenye hasi moja na nusu, humpita hata huyo wa ziro. Pengo la ngazi tano ni mng'ao mara 100. Nyota yetu hukaa kwenye 10, macho matupu hayaifikii. Ikilipuka hupanda hadi 2 hivi, na baada ya wiki moja hivi huwa imeshapotea tena machoni. Ukiwa umesafiri wiki hiyo, pole.

3. Tafuta nyota ya kulinganishia. Vitabu vya Ulaya vitakutuma kwenye Polaris. Achana navyo: Rusumo iko kusini mwa ikweta, Polaris haichomozi. Tumia Alphecca, yenye 2.2, iliyo katika kundi lilelile. Jioni za Juni na Julai, mvua zikiwa zimekatika, tazama kaskazini na uzipe mgongo taa za malori. Kwa nyota ya mkia, yaani kometi, ambayo mwanga wake umetandaa, vuruga lenzi ya darubini mpaka nyota ya kulinganishia ivimbe ilingane nayo. Naam, sayansi inakuagiza uharibu picha kwa makusudi.

4. Andika saa. Hapa ndipo wengi hufeli. Upande wetu wa daraja ni saa tatu usiku. Ukivuka Mto Kagera, Rwanda ni saa mbili, na magari nayo yamehamia kulia. Wanaastronomia hawamwamini yeyote kati yenu. Wao wana saa yao ya dunia nzima, na kwao muda huo ni 18:00. Usisuluhishe ugomvi huo. Chukua 21:00, toa 3, andika.

5. Usizitafute kwa macho eksirei za milipuko mingine ya angani. Angahewa huzizuia, kwa hiyo hupimwa kwa satelaiti. Ya kwanza ya kazi hiyo ilirushwa 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, nayo ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya nne ilifikisha vyanzo 339. Ariel 5 ya Uingereza, iliyorushwa hapohapo 1974, ilikishuhudia chanzo A0620-00 kikilipuka Agosti 1975 hadi kuvishinda vyote vilivyo nje ya mfumo wa Jua. Kumbe ni shimo jeusi linalomfyonza jirani yake. Shimo hilo hupita karibu kabisa na utosi wa Rusumo, na halionekani. Mwonyeshe mgeni kwa kidole, kwa kujiamini, hakuna atakayekubishia.

6. Toa taarifa. AAVSO, chama cha Marekani cha waangalizi wa nyota zinazobadilika mng'ao, kilianzishwa 1911 na hupokea vipimo vya watu wa kawaida. Kama hukuiona nyota yako, usipambe. Andika "haikuonekana", taja saa, na taja namba ya nyota hafifu kuliko zote ulizoweza kuona jirani nayo. Hiyo ni taarifa kamili: ikilipuka kesho, karatasi yako ndiyo itakayothibitisha kwamba leo ilikuwa bado.

Atakayeandika "haikuonekana" usiku baada ya usiku bila kutia chumvi amefuzu. Anayeona maajabu kila usiku arudi kwenye siasa.