Fumba Macho, Anko

Naandika nikiwa na nundu kwenye paji la uso, upande wa kushoto, na kila nikikunja uso kutafuta neno inanikumbusha kuwa ipo. Nimeipata majuzi Port Royal, Jamaika, ndani ya nyumba ya matofali isiyo na samani wala giza, wala kitu chochote ambacho mtu mzima angeweza kukilaumu. Walioshuhudia ni darasa zima la watoto wa shule ya msingi waliovalia sare, mwalimu wao, na mke wangu, ambaye mikono yake haikuweza kunisaidia kwa sababu ilikuwa imeshika simu.

Nyumba yenyewe iko karibu na Ngome ya Charles, nao wenyeji huiita Giddy House, nyumba ya kizunguzungu. Jeshi la Uingereza liliijenga miaka ya 1880 kuwa ghala la zana za mizinga. Tarehe 14 Januari 1907 tetemeko lililoubomoa mji wa Kingston likaizamisha upande mmoja mchangani. Haikuporomoka. Ilibaki nzima na kuta zake na paa lake, imeinama kama mzee anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Ukiitazama kwa nje unacheka, na mimi nilicheka, tena kwa sauti.

Mwongozaji wetu alitutahadharisha: ukiingia, nenda polepole. Nikamjibu kwamba mimi ni mtoto wa Mombasa, Fort Jesus nimeizunguka tangu sijang'oa meno ya utotoni, na hakuna jengo la mkoloni litakalonibabaisha. Mke wangu aliposikia maneno hayo akawasha kamera. Tumeishi pamoja muda mrefu.

Hatua ya kwanza ilienda vizuri. Ya pili, mguu uliitafuta sakafu mahali ambapo haikuwepo. Kuanzia hapo mwili ulijiamulia mambo yake. Nilikuwa nimeutuma mlango wa pili, mbele yangu, wenyewe ukashika njia ya ukuta wa kulia, mbio fupi fupi za mtu anayekimbilia choo, mpaka bega likagonga matofali. Nikaukumbatia ukuta. Nikajaribu kuuachia, nikarudi kuukumbatia. Nilijaribu kutembea kwa kuegemea, nikajikuta nateremka taratibu mpaka makalio yakagusa chini, huku mkono mmoja bado uko juu unapapasa tofali. Hapo ndipo watoto walipoingia.

Kwao nyumba ile ni bembea. Waliingia mlango huu wakatokea ule, wakirukaruka, bila hata mmoja kuyumba. Waliponiona walisimama wote, wakanitazama kwa adabu kwa muda ambao adabu ya watoto huwezekana, kisha kikapasuka kicheko kilichojaa chumba chote. Mwalimu wao, mama wa makamo mwenye miwani, akawanyamazisha kwa neno moja, halafu akasema kitu kilichoniuma kuliko kicheko: "Mmoja amshike Anko mkono, amtoe nje."

Alijitokeza binti mwenye utepe wa njano kichwani. Akanipa mkono, akanitazama nilivyokuwa nikihangaika na macho yangu, akaniambia bila kunicheka: "Fumba macho, Anko."

Nikafumba. Na hapa nawaambieni ukweli mtupu: nyumba ikatulia. Sakafu ilikuwa mteremko wa kawaida tu, unaopandika na kushukika, na miguu yangu ilijua kazi yake. Nilitembea wima mkono kwa mkono na yule binti, nikiwa na furaha ya mtu aliyepona, mpaka mlangoni. Yeye akapita. Mlango ule nao umeinama, na kimo chake kinamtosha mtoto wa darasa la tatu bila taabu.

Usiku sikulala, kwanza kwa maumivu, pili kwa kutaka kujua kwa nini kufumba macho kulisaidia. Kumbe ubongo hupata habari za wima kutoka sehemu tatu. Ya kwanza iko ndani kabisa ya sikio. Huko kuna vijifereji vitatu vilivyopinda nusu duara, vimejaa majimaji, kila kimoja kimeelekea upande wake. Ukigeuza kichwa, majimaji huchelewa kidogo kufuata, na kule kuchelewa kunainamisha vinyweleo, navyo vinyweleo vinapiga ripoti ubongoni. Pembeni yake kuna vifuko viwili vyenye utando wa ute, na juu ya ute huo kumetandazwa vijiwe vya chokaa, vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Ukiinama, vijiwe vinavutwa kuelekea chini na kuuburura ute, ndivyo unavyojua chini ni wapi hata kwenye kiza. Nililisoma hilo mara kadhaa. Maisha yangu yote nimebeba mawe kichwani na hakuna ndugu wala daktari aliyewahi kunitajia.

Sehemu ya pili ni nyayo, vifundo na misuli, ambayo huhisi uzito umelalia upande gani. Ya tatu ni macho, na tatizo la macho ni kwamba yanaamini kona. Tumekulia ndani ya nyumba ambazo ukuta unapanda juu na sakafu inalala, kwa hiyo tukiingia chumbani hatukagui tena. Chumba kikisema juu ni kule, basi ni kule. Ndani ya Giddy House, sakafu, dari, fremu za milango na vizingiti vya madirisha vimeinama kwa pamoja, kwa kiasi kilekile, hakuna hata kimoja kinachomsaliti mwenzake. Masikio yanasema hivi, nyayo zinaunga mkono, macho yanakataa katakata, na ubongo, badala ya kuhesabu kura, unayasikiliza macho. Unaurekebisha mwili usimame sawasawa na chumba. Mwili unatii, unaanguka.

Mwaka 1948 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Solomon Asch na Herman Witkin, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa chumba walichokiinamisha makusudi. Waliwaomba watu wasimamishe fimbo wima. Wengi waliielekeza kule chumba kilikoegemea, wakaridhika kabisa na kazi yao. Kwa hiyo siko peke yangu, jambo ambalo nimeliandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, ambako video ilishafika kabla mimi sijafika nje. Shangazi yangu wa Likoni hakuhitaji Asch wala Witkin. Aliuliza swali moja tu: "Kalewa?"

Lakini ghala la matofali linazamaje upande mmoja bila kuvunjika? Hilo nalo lilininyima usingizi. Port Royal imekaa kwenye ncha ya ulimi wa mchanga unaoitwa Palisadoes, unaofunga bandari ya Kingston. Mchanga ule chini umelowa maji. Siku za kawaida chembe zake hushikana, kila moja imeikalia nyingine, na nyumba husimama juu yake bila wasiwasi. Ardhi ikitikisika, chembe zinataka kusogea zibanane zaidi, maji yaliyo katikati hayapati pa kwenda, yanazibeba. Chembe zinaacha kugusana. Kwa sekunde hizo chache mchanga si mchanga tena, ni uji mzito, na chochote kizito kilicho juu yake kinashuka. Mtikisiko ukikoma, maji yanatafuta njia ya kutokea, chembe zinakamatana upya, na kilichozama kinabanwa palepale kilipofika.

Waingereza wa karne ya 17 walikuwa wamejenga kwenye mchanga huo nyumba za matofali za ghorofa kadhaa, wakizitaka zifanane na za London. Tarehe 7 Juni 1692, karibu na adhuhuri, theluthi mbili za mji ziliingia baharini. Watu wapatao 2,000 walikufa siku hiyo, na maelfu wengine wakafuata kwa maradhi. Walionusurika waliandika kuhusu watu waliozama mpaka shingoni kisha mchanga ukawabana, vichwa vikabaki juu. Mwaka 1959 Mmarekani Edwin Link alipozamia pale alitoa saa ya mfukoni iliyoganda ndani ya matumbawe. Mikono yake ilikuwa imeoza, ila picha ya eksirei ilionyesha alama ilipokuwa: dakika 17 kabla ya saa sita mchana. Mji uliozama uko bado chini ya maji, na mwaka 2025 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, ndiyo sababu hasa iliyotupeleka kule.

Mchana uleule wa nundu, baada ya kufungwa barafu iliyotoka kwenye deli la muuza vinywaji, mwongozaji alitupeleka kanisa la Mtakatifu Petro kutuonyesha kaburi la Lewis Galdy. Hii ndiyo hadithi anayoipenda kuliko zote, na anaisimulia vizuri. Galdy alikuwa Mfaransa Mprotestanti aliyekimbia mateso ya dini kwao. Siku ya tetemeko ardhi ilimmeza mzima, mtikisiko wa pili ukamtema baharini, akaogelea mpaka mashua ikamwokota. Akaishi miaka mingi baadaye, akafa 1739, na jiwe la kaburi lake limeandika muujiza wote. Watalii waligusa jiwe. Bibi mmoja alifuta machozi.

Nikauliza alikuwa akifanya kazi gani. Mfanyabiashara. Wa nini? Mwongozaji akatazama saa yake, akasema wa mambo mengi. Galdy aliuza watu. Aliwauza kabla ya tetemeko au baada yake, sina haja ya kugombana juu ya mwaka. Alitajirika, akaingia katika bunge la kisiwa, akazikwa kwa heshima. Na Port Royal ndiyo ilikuwa gati ambalo Waafrika waliotekwa walishushiwa, wakapangwa, wakanunuliwa. Wengine wao walikuwamo mjini ule mchana. Nao walimezwa. Hakuna aliyechonga jiwe kusema kama ardhi ilimtema yeyote kati yao, wala jina lake nani. Nilizunguka makaburi yale nikisoma, nikiwa nimeshikilia barafu kwenye paji, na hasira yangu haikuwa tena ya mlango.

Halafu duka la zawadi! Maharamia watupu. Henry Morgan kwenye fulana na kwenye sumaku za friji, jicho moja limefungwa kitambaa ingawa macho yake yalikuwa mawili. Mtu huyu alipora miji ya Wahispania, mfalme akampa cheo cha heshima na kumfanya naibu gavana wa Jamaika, akamiliki mashamba ya miwa na zaidi ya watu mia moja wa kuyalima, akafa 1688 kitandani kwake. Kaburi lake lilikuwa Palisadoes, na miaka minne baadaye bahari ikalichukua. Katika habari zote nilizopewa siku ile, hiyo peke yake ndiyo iliyonipunguzia maumivu. Muuzaji aliponiuliza kama nataka upanga wa plastiki kwa ajili ya wajukuu, nilimwambia wajukuu wangu ni watu wa amani, kauli ambayo mama zao wangeicheka sana.

Mengine yalikuwa madogo. Kwenye nyumba ya Bob Marley, namba 56 Hope Road, wote tukiwa kimya mbele ya matundu ya risasi alizorushiwa mwaka 1976, simu yangu iliita kwa wimbo wa taarab. Alikuwa shangazi wa Likoni, anataka kujua kama nimeshazinduka.

Pale Devon House, jumba alilojenga tajiri mweusi George Stiebel mwaka 1881, aiskrimu yangu iliteleza ikaangukia kiatu cha bwana harusi aliyekuja kupigwa picha.

Siku ya mwisho tulipita soko la vinyago. Mke wangu aliokota kiboko mdogo wa jiwe la rangi ya waridi, laini, lililong'arishwa, na mimi nikalitambua jiwe lile kabla hajanigeukia: ni la Kisii, Kenya, kutoka Tabaka, njia nzima ya Nairobi wanauza. Nikamuuliza mama muuzaji kimetengenezwa wapi. Hapahapa Jamaika, akasema, kwa mkono. Nikamuuliza huyu mnyama anaishi mto gani. Akamtazama kiboko, akanitazama mimi na nundu yangu, wala hakupepesa.

"Rio Cobre," akasema. "Lakini hujificha."

Bei ilikuwa mara tano ya Nairobi. Mke wangu akalipa, akasema tusiwachokoze watu wa kwetu.