Namna ya Kulitumia Neno "Machinga" Bila Kusumbuliwa na Ukweli

Kwanza kabisa, usifungue ramani. Ukiifungua utaiona Mchinga, kaskazini ya mji wa Lindi, na ukipandisha na pwani kuelekea Kilwa utawakuta Wamachinga wenyewe: kabila zima, lina lugha yake na mikorosho yake. Watakuharibia kazi. Wewe unamtaka machinga wa Kariakoo, yule mwenye mikanda shingoni na kiatu cha mguu mmoja kiganjani, anayetaja bei huku jicho likimtafuta mgambo.

Ukiulizwa asili ya neno, jibu upesi: ni Kiingereza hicho, "marching guys", vijana wa kutembea. Akibisha, mtajie Kariakoo, ambayo kweli imetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Atanyamaza. Usithubutu kugusia vijana wa Lindi na Mtwara walioingia Dar miaka ya 1980, zama za rais aliyeitwa Mzee Ruksa, wakauza chochote kilichobebeka. Jiji likawaita kwa jina la kabila, kisha likawabatiza jina hilohilo Wasukuma na Wagogo waliofuata. Na habari kwamba Kilwa ilipitisha dhahabu ya Sofala karne nyingi kabla Kariakoo haijaota, hiyo waachie watalii.

Maana nayo ichague kwa kuangalia saa. Unapombembeleza akupunguzie soksi, ni "kaka". Amekuzibia mlango wa duka, ni "hawa machinga". Uchaguzi ukikaribia, ni "ndugu zetu". Mbele ya ofisa ni "mjasiriamali mdogo", cheo alichokipata rasmi mwishoni mwa 2018 Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya shilingi 20,000. Ukiwa serikali, mjengee ghorofa pale Ilala, uliite Machinga Complex, halafu ushangae mwenyewe kubaki barabarani. (Riziki yake ni mpita njia. Nani apite njia ghorofa ya tatu?)

Mtihani utakuja siku utakayokaa kwenye basi la Lindi, jirani yako akikwambia, "Mimi Mmachinga." Usibabaike. Muulize anauza nini.

"Siuzi, ndugu yangu. Mie mwalimu."

Mpe pole, umwambie biashara ni ngumu siku hizi.