Nani Alikula Robo ya Shilingi Yangu?

Mizani ilisoma gramu 4.4, na mama mwenye duka la sarafu za kale akaigeuza upande wangu ili nijionee mwenyewe, kama daktari anayemwonyesha mgonjwa picha ya kifua. Nyuma yangu wateja walinyoosha shingo. Shilingi ya Mfalme Charles I inatakiwa kuwa na uzito wa gramu 6 hivi. Yangu, ambayo nilikuwa nimetoka kuisifia kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, ilikuwa fedha kweli. Ila zaidi ya robo yake ilikuwa imeibwa.

Mwizi kafa zamani, hata wa kumshtaki sina. Lakini kazi yake, nakiri, ilikuwa safi. Siku hizo sarafu za Uingereza zilipigwa kwa nyundo: kipande cha fedha kinawekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma, mtu anashusha pigo, basi. Hakuna iliyotoka duara kamili. Sasa ukipunguza ukingo kidogo kwa mkasi, nani atajua? Shilingi unaitumia sokoni kama kawaida, vipande unaviyeyusha na kuviuza. Anayeipokea naye anakata chake. Jina la mfalme linaliwa herufi moja moja. Kwenye yangu Charles amebakiwa na pua, ndevu na nusu ya taji. Kukata sarafu kulihesabiwa uhaini, adhabu yake kifo, na bado watu walikata.

Baadaye zikaja sarafu za mashine, iliyozungushwa na farasi, zenye ukingo uliotiwa alama ili mkasi ukipita uonekane. Lakini nani atoe nzima dukani wakati iliyokatwa inapokelewa vilevile? Nzima zikafichwa, nyingine zikayeyushwa. Mbovu ndizo zikazunguka. Mwaka 1696 serikali ikaanza kuzikusanya na kuzifua upya, na Isaac Newton, huyuhuyu wa nguvu ya mvutano, akapewa cheo katika kiwanda cha sarafu pale Tower of London.

Hapo ndipo kicheko kinaponikauka. Serikali ilizipokea zilizokatwa kwa thamani kamili kutoka kwa aliyelipa kodi, mwisho tarehe 4 Mei mwaka huohuo. Tajiri akazitua zote huko. Kibarua mwenye shilingi mbili kwenye fundo la kitambaa angelipa kodi gani? Akabaki nazo, zikipimwa kwa uzito. Hasara ya serikali ikatafutiwa kodi ya madirisha, na wako walioziba madirisha yao kwa matofali wakakaa gizani.

Mke wangu aliitazama shilingi, akanitazama mimi. “Kwa hiyo, Baba Salma, umenunua makombo?”

Sarafu nyingine za mkusanyo wangu nazo hazikunihurumia. Wiki iliyofuata, uwanja wa ndege, nusu krauni zangu za kale zililiza kipimo cha chuma, nikavuliwa hadi soksi.

Na peni sita ya Malkia Victoria ilisahauliwa mfukoni, ikafuliwa pamoja na suruali. Mashine ilikufa. Sarafu ilitoka inang’aa, na kwa wakusanyaji, sarafu ya kale iliyosuguliwa hivyo hupoteza thamani.