Namna ya Kupoteza Mguu na Kesi kwa Pamoja

Kugongwa na gari hakuhitaji mafunzo. Barabara zetu zinafundisha bure. Kazi iko baadaye. Ukiyafuata maelekezo haya kwa uaminifu, mwezi hautaisha kabla hujapoteza afya, ushahidi na fidia, ukabaki na pole za majirani.

Kwanza, inuka upesi. Usilale chini kama mgonjwa, watu wanatazama. Jipanguse vumbi, okota kandambili, na ukiulizwa kama uko mzima, jibu "mzima tu". Mimi niliwahi kuangushwa na bodaboda pale Kimara. Kijana akanijia anatetemeka: "Shikamoo mzee, samahani sana." Nikaitikia marahaba, tena nikamuuliza kama yeye hajaumia. Tukapeana mikono, akaondoka. Jioni goti lilikuwa limefura kama papai, na namba ya ile pikipiki siijui mpaka leo. Wazee walituachia neno "sijambo kidogo" kwa ajili ya saa kama ile, nasi tumeliweka kabatini.

Kama kuinuka kumeshindikana, waachie wasamaria. Watakushika mikono na miguu, watakukunja ndani ya bajaji kama gunia la mkaa. Aliyeumia uti wa mgongo alipaswa kuachwa alivyo mpaka apatikane ubao wa kumlaza amenyooka, shingo yake imeshikwa isicheze. Lakini hayo yanataka subira, na wasamaria wana haraka. Atakuwepo pia wa kukumiminia maji mdomoni hali huna fahamu, yaingie mapafuni badala ya tumboni.

Umegonga kichwa? Kalale. Hatua hii naipenda kuliko zote kwa kuwa haina gharama. Mshipa unaweza kuchanika kati ya fuvu na utando wa ubongo, na mwenye kichwa asijue. Anazimia kidogo, anazinduka, anapiga soga, anaagiza uji. Ndani, damu inajikusanya polepole na kuubana ubongo. Baada ya saa chache kichwa kinamuuma sana, anatapika, maneno yanamkwama, mboni ya jicho moja inakuwa kubwa kuliko nyenzake, halafu unakuja ule usingizi ambao watoto wanaambiwa wasimsumbue baba. Msibani watu watasema alikuwa mzima kabisa, tuliongea naye, na hawatakuwa wamedanganya. CT skani ingelionyesha lile donge la damu, na daktari wa upasuaji angelitoa. Lakini kipimo kina bei na foleni. Kitanda cha nyumbani hakina.

Bandama nayo ina ujanja huohuo. Inaweza kuvuja kwa siku kadhaa huku wewe ukilalamikia bega la kushoto na kumeza dawa za maumivu.

Mguu uliovimba ukandwe palepale, kwa maji ya moto, na mtu mwenye mikono ya nguvu. Hospitali watakwambia siku mbili za kwanza ni barafu, kupumzika na kuuinua mguu juu ya mto, maana joto linafungua mishipa na uvimbe unazidi. Wewe waulize kama wao wanakijua kizazi cha bibi yako.

Sasa sheria. Fomu ya PF3 hutolewa kituo cha polisi, daktari akaijaza, ndipo jeraha lako linapata mdomo wa kusemea mahakamani. Kwa hiyo ichelewe. Nenda baada ya wiki tatu, daktari aandike anachokiona, nacho ni kovu. Uhodari wa juu zaidi ni kumwambia mpokezi wa hospitali kwamba ulianguka bafuni, ili usirudishwe kufuata fomu. Faili litalitunza hilo bafu miaka yote, na wakili wa upande wa pili atalifurahia sana.

Dereva atakuita pembeni: "Bro, tuyamalize kiutu uzima." Atatoa elfu hamsini na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la konda, imeandikwa kuwa hutadai tena. Saini. Usipige picha ya gari wala kuchukua namba ya shahidi, na hasa usitazame bima. Ile tunayoiita bima ndogo, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, haimtengenezei yeye hata taa. Imewekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Kwa namba ya gari tu unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa simu. Usihakiki, elfu hamsini iko mkononi.

Trafiki wakimpeleka dereva mahakamani, akakiri kuendesha kwa uzembe na kulipa faini, shangilia urudi nyumbani. Faini inakwenda serikalini, haiji mguuni kwako. Fidia inadaiwa kwa njia nyingine, na nakala ya ile hukumu ndiyo ingekuwa silaha yako. Usiifuate. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3, na miaka 3 ni mingi mno kwa mtu aliyelala na hogo mguuni, mpaka siku anapoambiwa ilikwisha Jumanne iliyopita.

Ukitaka mwanasheria, mchukue atakayekufuata wodini kabla ya muuguzi. Usimwombe cheti cha uwakili cha mwaka huu. Weka dole gumba anapokuonyesha. Risiti za dawa, za vipimo na za nauli ya kliniki zitumie kufungia karanga, kwa kuwa mahakama hailipi gharama ambazo hazijathibitishwa, na utakuwa umeipunguzia kazi. Kampuni ya bima ikizungusha, nung'unika kijiweni tu. Habari za kuwa kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima waachie wengine.

Mwishowe dada wa kampuni ya bima atakupigia simu kwa sauti ya upole. "Shikamoo baba. Unaendeleaje na hali?"

Utakuwa umekaa na magongo yako mawili mlangoni, hujakanyaga kazini mwezi wa tano huu.

"Marahaba mwanangu. Tunaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu."

Utasikia kibodi ikigongwa upande wa pili.