Mifuko Mitatu na Dubwi Moja

Kosa langu lilianzia kwenye kusoma. Nilisoma habari za poka ya mashine, ile ya kwenye kasino za Marekani, nikajua kwamba mashine yenye malipo mazuri hurudisha senti 99 na nusu kwa kila dola, ilimradi mchezaji asikosee hata karata moja. Kwa dakika tano nilijiona tajiri. Kisha nikagundua kwamba kipande cha utamu huo kimefichwa kwenye karata tano za juu kabisa za aina moja, ambazo hukujia karibu mara moja katika migao 40,000. Ukiisubiri siku hiyo unaliwa taratibu, hivyo lazima uwe na mtaji wa kuvumilia.

Mtaji wa kuvumilia! Hapo ndipo nilipopotea.

Mke wangu alinituma Mbeya nikalete kilo 20 za mchele wa Kyela. Basi lilipoipita Mafinga na baridi yake, nikatunga mfumo. Mfuko wa shati: mtaji, sarafu 20 za mia mbili, yaani 4,000. Mfuko wa suruali: nauli ya kurudi Iringa. Soksi ya kushoto: mchele. Mifuko hiyo isijuane hata kwa salamu.

Dubwi nililikuta kwenye baa moja ya Mwanjelwa. Halina karata wala la kufikiria. Unatumbukiza sarafu, unabonyeza tunda, taa zinakimbizana. Kibandiko kilikataza walio chini ya miaka 18. Mimi nimeitimiza hiyo 18 mara mbili na nusu, kwa hiyo na serikali sikuwa na ugomvi. Kijana mmoja akaninong'oneza kwamba mashine imeshiba, itatema sasa hivi. Mwenzake akabisha: ina njaa, niisubiri. Wote wawili walikuwa wameshaliwa.

Sarafu 19 zilikwenda bila kuaga. Ya 20 ikapiga kengele, na dubwi likatapika sarafu 60. Nikazisomba zote, nikazijaza mfukoni, nikainuka kwa heshima. Suruali haikuinuka. Baa nzima ilishangilia, na mpaka leo sijui walishangilia ushindi au bukta yangu.

Mwenye akili angeondoka. Mimi nikakumbuka mfumo: zile 60 ni faida, na faida si pesa yangu, ni ya mashine, mimi nimeazimwa tu. Nikairudishia. Kisha mfuko wa shati ukaomba mkopo kwa mfuko wa suruali. Nikaupa, kwa riba, nikiwa mimi mkopaji, mkopeshaji na mdhamini. Nilipoanza kuvua kiatu cha kushoto, mhudumu akaniuliza kwa upole kama niitiwe bajaji.

Mpwa wangu, anayesoma hesabu chuoni, ndiye aliyenitoa pale.

"Anko, tuseme mashine inakata kumi katika kila mia," akaniambia tukitafuta mchele. "Sarafu 20 ukizizungusha mara kumi, kila inachotema unakirudisha, zinabaki kama saba. Hapo umeshatumbukiza kama 26,000, wakati kichwani unajua unacheza na 4,000."

"Na ningekuwa na mtaji mkubwa?"

"Ungechelewa tu kuja kununua mchele."

Tulinunua kilo 12. Fungu lililobaki la soksi likaenda kufidia nauli, pamoja na sarafu 20 za mwisho nilizokuwa nimekwapua kabla dubwi halijazidai. Konda alimhesabu Mzee Karume wa kwenye sarafu mmoja mmoja, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye soksi.

"Mzee, umetoka kuvunja kapu la sadaka?"

Abiria walicheka mpaka Uyole. Ipogolo nikashuka sina hata ya bodaboda, nikaupandisha ule mlima wa kwenda mjini na mchele begani, nikijibu "kamwene" za watu kwa pumzi iliyobaki.

Mke wangu aliunyanyua mfuko kwa mkono mmoja. Akanitazama.

"Ni mtawanyiko," nikaanza. "Kitakwimu, matokeo ya muda mfupi huyumba..."

Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Jioni akapakua wali, sahani za watoto zikajaa. Yangu ilikuwa na kijiko kimoja.

"Baba watoto, usijali," akasema, "ni muda mfupi tu. Sahani inayumba."